Sukari ya Jumatatu na Alhamisi

Siku niliporudisha funguo za kabati la ofisi, kijana mmoja wa kompyuta aliniuliza swali ambalo najua mmelinong'ona kwa miaka mingi: kwa nini Bi. Ndunge hanywi chai ya watu nyanjani? Wengine mlisema nina kisukari. Wengine mlisema nimeokoka katika kanisa linalokataza majani ya chai. Mmoja, na ninamjua, alisema ni maringo. Sikumjibu kijana siku ile kwa sababu keki ilikuwa inakatwa na mkubwa alikuwa amesimama na hotuba ya kurasa tatu mkononi. Nawajibu sasa, kwa kuwa muda ninao.

Nilianza kazi ya ukarani wa takwimu mwanzoni mwa miaka ya tisini, hapa Machakos mjini, katika chumba cha nyuma chenye mafaili mengi kuliko viti. Siku ya kwanza nilipewa penseli mbili, kifutio, ubao wenye kibanio, na mizani ya ndoano, ile ya kuning'inizwa. Kalamu ya wino ilikuwa marufuku. Mzee Athumani, msimamizi wetu wa nyanjani, alisema kalamu ya wino humfanya karani aone aibu kufuta, na karani anayeona aibu kufuta ataanza kutetea uongo. Nilidhani anatania. Hakuwa mtu wa utani kabla ya saa sita mchana.

Mzee Athumani alizaliwa mjini humu humu. Baba yake alikuwa Mkamba aliyesilimu, fundi cherehani, na mwanawe akakua na Kikamba cha nyumbani na Kiswahili cha msikitini. Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu sote. Sisi wa vijijini tulikisema kama mtu anayebeba maji kwa viganja: kinafika, ila kimepungua. Alivaa kofia nyeupe, alipanda baiskeli nyeusi, na alikuwa na kanuni nne ambazo alizihesabu kwa vidole. Kwanza keti. Pili, uliza habari za mvua na mifugo. Tatu, kunywa utakachopewa. Karatasi ni ya nne.

Kanuni hizo nilizivunja zote nyumba ya kwanza, Katangi. Nilitoa fomu nikiwa bado langoni, na mama mwenye boma akaniambia mume wake ameshalipa kodi. Nilipoeleza kuwa sidai kodi, alilegea, akanipa chai. Ilinuka moshi, nami nikasema nimeshiba. Baada ya hapo kila swali nililouliza lilijibiwa "hakuna". Hakuna chumvi, hakuna sabuni, hakuna kiberiti, na huku moto unawaka jikoni. Mzee Athumani alinisubiri barabarani akiwa ameegemea baiskeli.

"Ndunge," aliniambia, "ukikataa chai ya mtu umemwambia nyumba yake ni chafu. Hatakuambia ukweli tena mpaka kiama."

Neno hilo liliniingia. Kuanzia siku hiyo nilikunywa kila kitu: chai ya moshi, uji uliochacha, maziwa ya mbuzi yenye unywele wa mbuzi ndani. Nilijifunza pia kupima gorogoro za sokoni kwa mizani yangu, maana gorogoro ya Masii na ya Katangi zilikuwa mikebe ya aina moja lakini hazikutoa mahindi sawa. Ilitegemea kitako cha mkebe kimebonyezwa mara ngapi. Wachuuzi waliniita "mama wa ndoano". Kazi niliipenda, na kwa miaka kama minane nilijiona sina la kujifunza tena. Ndipo ukaja ule utafiti wa nchi mbili.

Ilikuwa miaka michache baada ya mvua za El Niño, na mbingu zilikuwa zimefunga kabisa, kana kwamba zimemaliza akiba yote kwa mara moja. Wakubwa wa Kenya na Tanzania walikubaliana kulinganisha matumizi ya bidhaa za nyumbani katika sehemu kavu za nchi zote mbili. Wenzetu walichukua wilaya moja upande wa Dodoma, sisi tukachukua Mwala. Kila kaya ingeweka daftari la matumizi kwa mwezi mmoja: unga, mahindi, chumvi, sukari, maziwa, sabuni, mafuta ya taa, viberiti. Mtu wa Dodoma ananunua nini, mtu wa Mwala ananunua nini, nani anabanwa zaidi. Kwetu kulikuwa na la ziada. Matokeo yangesaidia kuamua lokesheni zipi, yaani kata, zibaki kwenye orodha ya mahindi ya msaada na zipi ziondolewe. Hilo kila karani alilijua.

Nilipewa kaya kumi na mbili. Nilipanga chumba Masii, na kila Jumatatu na Alhamisi nikazunguka nyumba zangu, nikijaza madaftari na kupima kwa ndoano vilivyosalia. Ratiba hiyo niliichora mwenyewe kwa rula na niliionea fahari sana.

Nyumba ya mwisho kwenye mzunguko ilikuwa ya Susu Syombua. Susu kwetu ni bibi, mama wa mama au wa baba, na hivyo ndivyo kila mtu alivyomwita. Alikuwa mjane aliyebaki na wajukuu wawili, mbuzi watatu waliokonda, na kuku watano. Hakujua kuandika, na hakutaka kuandikiwa na mtu mwingine ila mimi. Kwa hiyo alitunga njia yake. Kila alichonunua dukani, aliitunza karatasi yake ya kufungia ndani ya mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia. Nikifika, anamwaga mkebe juu ya kigoda na kunieleza karatasi moja moja. Karatasi ya chumvi, karatasi ya majani ya chai, karatasi ya robo ya sukari. Sijapata kuona daftari safi kuliko mkebe ule.

"Wi museo, karani," angenisalimu kwa Kikamba. "Keti kwanza. Chai inakuja."

Na chai ilikuja kila mara, tamu, ya maziwa, ndani ya kikombe cha bati chenye maua. Nilikunywa. Kanuni ya tatu.

Wiki ya tatu nilishikwa na malaria. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, lakini Mzee Athumani alisema kaya haziwezi kuachwa wiki nzima, akapanda baiskeli yake na saumu yake, akazunguka Jumatatu na Alhamisi badala yangu. Alirudi midomo imekauka, madaftari yote yamejazwa kwa mwandiko wake mdogo. Wiki ya nne nilimaliza mwenyewe. Niliona Susu amebaki na kuku mmoja. Nilimuuliza kama kuna ugonjwa wa kuku. Akacheka, akasema, "Iko ugonjwa, karani, lakini si ya kuku." Niliona ni maneno ya wazee. Nikamalizia chai.

Mkutano wa kulinganisha ulifanyika hapa mjini, katika ukumbi wa kukodi wenye viti vya plastiki. Kutoka Dodoma alikuja karani mwenzangu, Bi. Neema, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alimwamkia Mzee Athumani shikamoo kwa heshima, na mzee, ambaye kwetu alikuwa amezoea "habari ya leo", akaitikia marahaba huku akijirekebisha kofia. Kisha karatasi mbili kubwa zikabandikwa ukutani, Dodoma kushoto, Mwala kulia.

Chumvi ilifanana. Viberiti vilifanana. Mafuta ya taa yalikaribiana. Lakini sukari na maziwa upande wetu vilikuwa juu sana, na upande wa Dodoma karibu havikuonekana kabisa. Mkubwa wetu kutoka Nairobi, mtu wa suti hata kwenye jua, alisimama akafurahi kama aliyeokota pesa.

"Mnaona," akasema. "Watu wanalia njaa na wanakunywa chai ya maziwa. Hii lokesheni itoke kwa orodha. Iko watu wako na shida ya ukweli."

Nilisimama nikasema Mwala ni kukavu, nimekuona kwa macho.

"Madam, hii mwandiko ni yako ama si yako?"

"Ni yangu."

"Basi unabishana na nani?"

Niliketi. Ni Bi. Neema aliyeinama na kuninong'oneza, akiwa bado anatazama ukuta. "Dada Ndunge, samahani, naomba nikuulize. Ulikuwa unalala wapi?"

"Masii. Nilipanga chumba."

"Ahaa. Mimi nililala kijijini kwao mwezi mzima. Si unajua, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe walinipa kweli, jamani. Mpaka leo mikono ina sugu. Baada ya hapo hakuna aliyenipikia chai."

Sikumwelewa mara moja, au labda sikutaka. Lakini mkutano ulipokwenda kula, nilimwomba Mzee Athumani tubaki. Tulitandaza madaftari kumi na mawili juu ya meza, na mkebe wa Susu nilioukopa kama ushahidi. Nikaanza kusoma tarehe za sukari. Jumatatu. Alhamisi. Jumatatu. Alhamisi. Nyumba zote. Mkubwa alikuwa ameona hilo pia na kusema hizo ni siku za soko, lakini siku zetu za soko si hizo. Kisha nikafika wiki ya tatu, wiki ya malaria yangu. Nyumba kumi na mbili, Jumatatu na Alhamisi, mwandiko mdogo wa Mzee Athumani, na sukari hakuna hata robo.

Mzee alivua miwani. "Nilikuwa nimefunga," akasema polepole. "Kila nyumba niliwaambia langoni, msihangaike, nimefunga."

Hawakuhangaika. Hawakununua. Sukari ile yote iliyokuwa ukutani, iliyotaka kuwaondolea mahindi, ilikuwa yangu. Waliinunua kwa ajili yangu, niliinywa mimi, kisha nikaiandika kwa mkono wangu kuwa ni matumizi yao. Na wao, watu waaminifu, hawakuficha hata punje. Nilikumbuka kuku watano waliokuwa wamebaki mmoja, na nilipatwa na aibu ambayo hata leo nikiisimulia naisikia shingoni.

"Kanuni ya tatu ni yangu," alisema Mzee Athumani. "Kosa ni la mwalimu."

"Tumbo ni langu, Mzee," nikamwambia.

Alasiri hiyo tuliingia kwa mkubwa pamoja. Nilimwambia kazi yangu imeharibika na nikaeleza ilivyoharibika. Alisikiliza akiwa amekunja mikono. Kisha akasema hawezi kumwambia mtu yeyote Nairobi kwamba utafiti wa nchi mbili umeangushwa na chai. Akasema pia kwamba karani anayekubali kwa maandishi kuwa ameharibu kazi, mkataba wake ukiisha hauongezwi. Mkataba wangu ulikuwa unaisha baada ya miezi mitatu.

"Orodha inafungwa lini?" nikauliza.

"Mwisho wa mwezi."

"Niko na likizo ya siku ishirini na moja. Naichukua kuanzia kesho. Nitarudia zile kaya."

"Hakuna gari, hakuna posho."

"Sijaomba."

Mzee Athumani alitoa penseli mfukoni na kuandika kwenye fomu ya likizo, mahali pa sababu: kilimo. Ndiyo mara pekee niliyomwona akiandika jambo la nusu ukweli, na hata hilo, kama mtakavyoona, lilikuja kuwa kweli.

Nilikwenda Mwala na blanketi, mizani, mkebe wa Susu niliokuwa nimeukopa, na unga wangu mwenyewe ndani ya mfuko nilioupima na kuufunga kwa kamba, usije ukahesabiwa. Nilimkuta Susu akianika majani ya kunde. Aliponiona aliweka ungo chini na kumtuma mjukuu mkubwa dukani kabla sijafika mlangoni. Nilimwita mtoto arudi.

"Sitakunywa chai, Susu."

Uso wake ulibadilika. "Nimekukosea?"

"Hapana. Nimekuja kukaa. Nitalala hapa, kama utanipa pa kulala."

"Karani alale hapa? Watu watasema nini? Na bila chai?"

Tulibishana mpaka jua likateremka. Mwishowe tukakubaliana kwa desturi: siku mbili nitakuwa mgeni, na mgeni hukaa kimya. Siku mbili hizo nilikunywa nikiwa nimefumba macho, na sikuziandika. Siku ya tatu alfajiri niliamka kabla yake, nikachukua jembe nyuma ya mlango, nikaenda kuchimba mashimo ya kungojea mvua katika shamba gumu kama sakafu. Alinikuta nimelowa jasho. Alisimama, mikono kiunoni.

"Unashika vibaya," akasema. Akanionyesha. Hakunipikia chai tena.

Hapo ndipo nilipoanza kuiona nyumba ile. Asubuhi ilikuwa maji ya moto yaliyopitishwa kwenye majani ya jana, bila maziwa, bila kitu. Mchana hakuna. Jioni ni muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakachemshwa na kunde chache, na Susu alipakua akianza na wajukuu, kisha mimi, kisha akatazama ndani ya sufuria. Nilikwenda na punda mtoni, mto wa mchanga mtupu, tukafukua mpaka kiunoni kupata maji. Katika siku zote hizo mkebe uliingia karatasi tatu: chumvi, kiberiti, kipande cha sabuni. Mchana nilizunguka zile kaya nyingine nikiwa na jembe begani, na jembe lilifanya kazi kuliko kitambulisho. Hakuna anayemwekea sufuria mtu mwenye udongo miguuni. Waliniambia, "Pita, tuko huku shambani," nami nikapita, nikalima mistari miwili, nikaandika.

Siku moja tukiwa tunachagua kunde, nilimuuliza Susu juu ya wale kuku.

"Niliuza," akasema.

"Ukanunua sukari."

"Sasa ningefanya aje? Mgeni ni wa kuku. Ningechinja, ungekula siku moja. Nikauza, ukakunywa siku mingi."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Wewe ulikuwa unauliza tumenunua nini. Hukuuliza imenunuliwa ya nani."

Nilitoka nje. Nilisimama kando ya zizi nikalia, na sioni haya kuliandika hilo. Miaka minane nilikuwa nimejisifu kwa maswali yangu. Kisha nikapangusa uso, nikarudi, nikamaliza kunde, kwa sababu orodha ilikuwa inafungwa baada ya siku tano na kulikuwa na kaya nne zaidi.

Nilirudi mjini na madaftari kumi na mawili mapya na mikono yenye malengelenge. Bi. Neema alikuwa ametuma barua kutoka kwao akieleza namna yao ya kukaa kijijini, ukurasa mmoja, bila kumlaumu mtu. Mzee Athumani aliandika yake juu ya wiki ya saumu. Mimi niliandika kuwa sukari ya kwanza ilikuwa yangu, nikatia sahihi. Tuliziweka zote tatu juu ya meza ya mkubwa pamoja na mkebe wa Susu. Alisoma. Akasoma tena. Akamwaga karatasi za mkebe na kuzitazama moja moja, na sijui aliona nini, maana hata yeye alikuwa na mama kijijini. Akasema tu, "Andika jedwali upya. Leo."

Lokesheni ilibaki kwenye orodha. Mahindi yalifika kwa lori, si mengi, na kwa kuchelewa kama desturi, lakini yalifika. Katika jedwali la mwisho, Mwala na Dodoma zilikuwa kama ndugu waliovaa nguo tofauti: chumvi, kiberiti, sabuni kidogo, na kimya kirefu chini yake. Mkataba wangu uliongezwa bila maelezo. Na kwenye fomu za nchi zote mbili ukaongezwa mstari mmoja ambao ninyi mnaujaza kila siku bila kujua ulikotoka, ule unaouliza kama kitu kimenunuliwa kwa ajili ya mgeni. Tafadhali msiuruke. Najua mnauruka.

Mzee Athumani alistaafu muda mfupi baadaye. Aliniachia baiskeli, ambayo sikuwahi kuiweza, na kanuni nne, ambazo kati yake nilirekebisha moja. Badala ya kunywa utakachopewa, nilianza kubeba maji yangu, na langoni, kabla ya kuketi, ninasema kwa sauti: mimi leo nimefunga. Waislamu wa mjini walinicheka, Mkatoliki gani anafunga mwaka mzima. Lakini hakuna aliyeona nyumba yake imeitwa chafu, na hakuna kuku aliyeuzwa. Hilo ndilo jibu la swali lenu. Mzee alifariki akijua kuwa kanuni hiyo mpya naishika, na aliniambia imekaa vizuri.

Wiki mbili baada ya keki ya ofisini nilikwenda Mwala. Susu Syombua sasa macho yamefifia, anakaa mlangoni kwenye kigoda kile kile. Nilimwamkia, akainua kichwa.

"Ni karani?"

"Nilikuwa karani, Susu. Nimestaafu."

Alipapasa mkono wangu, akageuka na kumwita mjukuu wake, ambaye siku hizi ni mama wa watoto wawili. "Kimbia duka. Leta sukari."

Nilifungua mdomo kwa mazoea. "Susu, mimi leo nime..."

"Daftari iko wapi?"

"Sina."

"Penseli?"

"Nilirudisha."

"Basi nyamaza. Leo wewe ni mgeni."

Chai ilikuja kwa kikombe cha bati, maua yamebanduka karibu yote. Aliniuliza ninaweka vijiko vingapi, jambo ambalo hakuwahi kuniuliza zamani. Nilisema viwili. Aliweka vinne, akakoroga mwenyewe kwa kupapasa, nami nikainywa yote.